Hata Fisi Aliuliza

Siku ninayoikumbuka kila nikiona kitabu cha michoro, mwanangu, ilianza kwa ugoro. Lakini kabla sijafika huko, hebu kiweke hapa mapajani pangu hicho kitabu mnachochora wewe na rafiki yako wa darasani, nikitazame vizuri. Naona mwalimu mwenye shingo ndefu. Naona sufuria ya githeri imemwagika na wanafunzi wanacheka. Naona pia msichana mwenye masikio makubwa kama majani ya nduma, na nimesikia kwamba humsemeshi rafiki yako tangu Jumatatu kwa sababu unashuku masikio hayo ni yako. Huenda ni yako kweli. Mimi sina haraka ya kukataa, maana nililelewa ndani ya shuku.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni. Tulikuwa tumeondolewa kwenye mashamba yetu huku Mikinduri, tukarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja, na langoni walisimama magadi, watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali. Kwenda shambani kulikuwa kwa ruhusa na kwa muda mfupi. Ukikohoa, jirani alijiuliza unampa nani ishara. Baba yangu alikuwa na kipande cha uaminifu, cheti cha kuonyesha yuko upande wa serikali, na baba yake rafiki yangu Kathure alikuwa amezuiliwa mbali kwa kosa la kulisha watu wa msituni, wapigania uhuru. Nyumba zetu zilitazamana, lakini mama zetu walisalimiana macho yakiwa chini. Watu husema wasiwasi ndiyo akili. Basi kijiji chetu kilikuwa na akili nyingi mno.

Kathure na mimi tuliketi dawati moja. Yeye alikuwa na mkono wa kuchora, mimi nilikuwa na mdomo. Tulichukua karatasi za kaki za kufungia sukari, yeye akazigawa vyumba vyumba kwa mkaa, kisha katika kila chumba akachora visa vya wana-mbuzi wawili wanaosoma shule. Mwalimu wao alikuwa bata bukini. Mimi niliwatilia maneno midomoni. Tulicheka mpaka tukaumwa na mbavu, na karatasi zote tukazificha chini ya mkeka wa nyanya yangu, kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu kugusa mkeka wa mama yule.

Isipokuwa mwenyewe. Nyanya alikuwa akiuza ugoro, na siku zote aliufunga kwa maganda makavu ya mgomba. Msimu huo ruhusa ya kwenda shambani ilikuwa fupi, maganda yakamwishia. Akapapasa chini ya mkeka, akapata karatasi nzuri, ngumu, zisizopitisha unyevu. Hakujua kusoma na macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Akafunga ugoro wake akauza.

Pakiti moja ilifika kwa M'Ringera, gadi wa lango, mtu mnene mwenye kiboko. Akaukunjua ugoro wake akakuta fisi aliyevaa koti la gadi, amelala langoni na bunduki mapajani, na wana-mbuzi wawili wanapita mbele yake kwa ncha za kwato. Sisi tulikuwa tumechora wanafunzi waliochelewa shule. Yeye aliona ramani ya kuwaingiza watu wa msituni. Michoro ya Kathure ilikuwa imebandikwa ukutani shuleni, kila mtu aliijua, kwa hiyo hakuhangaika kutafuta. Alimkalisha mama yake Kathure chini kando ya lango, amsubiri chifu aje na lori. Walioondoka na lori lile hatukuwaona wakirudi upesi, na wengine hatukuwaona tena.

Kathure alikuja mlangoni kwetu. Hakulia. Alinitazama kana kwamba ananiona kwa mara ya kwanza.

"Karatasi zilikuwa kwenu," alisema. "Baba yako ako na kipande. Nilijua tu."

Yule msichana nilikuwa namgawia nusu ya ndizi yangu kila siku, na sasa nilikuwa mchongezi. Iliniuma, mwanangu, na hata leo nikikusimulia inaniuma kidogo.

Nyanya alikuwa ndani. Alisikia neno karatasi, akauliza zilikuwa za namna gani. Nilipomwambia, alichukua fimbo yake. "Twendeni wote," alisema. "Wewe uliyechora, na wewe uliyesema."

Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wa leo hamlijui sana. Ukoo wetu na ukoo wa M'Ringera zilikuwa na gichiaro, undugu wa kiapo uliofungwa na mababu. Mtu wa gichiaro akikuuliza kwa gichiaro, huwezi kumdanganya. Akikuomba kwa gichiaro, huwezi kumnyima. Atakayevunja, laana humfuata mpaka kwa watoto wake, na hata wenye bunduki waliiogopa.

"M'Ringera," nyanya alisema tulipofika langoni, "karatasi hiyo niliiuza mimi kwa mkono wangu. Kama una shaka, muulize mtoto huyu kwa gichiaro."

M'Ringera alinigeukia. Mama yake Kathure alikuwa ameketi vumbini, hanitazami. "Nakuuliza kwa gichiaro. Huyu fisi ni nini?"

Nikisema ni fisi tu, nimedanganya. Nikisema kweli, kiboko kilikuwa pale pale mkononi mwake.

"Ni wewe," nilisema. "Umelala. Hawa ni wanafunzi wamechelewa."

Gadi mwenzake alicheka, kisha akajifanya anakohoa. M'Ringera aliishika karatasi karibu na uso akaitazama muda mrefu, shingo imemvimba.

"Umeuliza, umejibiwa," nyanya alisema. "Na mimi sasa nakuomba kwa gichiaro. Nipe karatasi yangu, na huyu mama aende akapike."

Sijui kama ni gichiaro kilichomshinda, au ni kufikiria chifu akiona picha ya gadi aliyelala kazini. Mimi nashuku ni yote mawili. Aliitoa karatasi kwa vidole viwili.

"Mimi silali hivi," alisema. "Silazi kichwa upande."

Mama yake Kathure aliinuka, akajikung'uta vumbi, akatangulia nyumbani bila kugeuka nyuma. Njiani Kathure alinishika mkono. Nyanya alisimama akamtazama, na sauti yake haikuwa ya hasira.

"Mwanangu," alimwambia, "yule ni fisi, ana bunduki, ana serikali nyuma yake. Hata yeye mwishowe aliuliza. Wewe rafiki hukuuliza."

Kathure aliinamisha kichwa, na hapo ndipo alipolia. Tulikaa dawati moja mpaka tukamaliza shule, na mwaka juzi nilimzika.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikuambii usishuku, dunia ina fisi wa kweli, na mtu asiyeshuku huamka hana mbuzi. Lakini shuku ni mgeni, usimpe kitanda. Mpeleke kwa mwenye jambo, umuulize mkitazamana, na akikujibu kweli, hata kama kweli hiyo ni masikio yako, ipokee. Kuuliza si ujinga. Kunyamaza na kuhukumu ndio ujinga wenyewe.

Sogea nikutemee mate ya baraka kifuani, kama nyanya alivyonifanyia. Murungu, Mungu wetu, akupe marafiki wa kukuchora vibaya na kukutakia mema. Njia yako iwe na umande, ulimi wako uwe na asali. Sasa nenda kwa yule rafiki yako kabla jua halijazama, na kitabu uniachie hapa, nijue mwenye masikio aliishia wapi.