Samaki Tuliyemchagua Area 49

Nianze na aibu yangu: nilikuwa na daftari zima kwa ajili ya samaki mmoja. Kurasa za kwanza nilizichana kwa sababu mistari ilipinda, nikaandika upya. Ufugaji wa samaki nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na tangi nililiunda mwenyewe kwa vioo vya dirisha na silikoni. Lilivuja mara nne. Mara ya tano halikuvuja, lakini siku tatu nzima sikuacha kupapasa sakafu chini yake.

Tangi halikuwa kwetu. Lilikuwa kwa rafiki yangu, mtu wa mji wa Kindu aliyenizidi miaka kumi hivi, ambaye nyumba yake ilikuwa na sola na betri ya kuendesha pampu ya hewa. Kwetu, kama nyumba nyingi za kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, umeme ni habari ya jirani. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, naye aliniita petit, mdogo. Tulipatana: nyumba yake, kazi yangu. Mbuna wangu, wale samaki wadogo wa buluu wa ziwani, walikuwa wamezaana hadi tangi likajaa. Nikasema sasa nataka mwindaji wa kuwapunguza, mmoja tu, ambaye watu hawamfugi. Niliogopa kukosea. Samaki wa namna hiyo hukua na huishi miaka, na kabla ya kumchukua lazima ujue tangi kubwa litakaa wapi.

"Litakaa hapa," yaya alisema, akionyesha ukuta mrefu wa sebule. "Tutatosha iyi kabati, iende inje. We chagua tu."

Aliomba vibali vya kutoka kambini, chake na changu. Wiki nzima nilimweleza kila aliyeuliza, bombani, kanisani, kwenye cherehani ya mama: naenda Lilongwe na yaya kuchagua samaki. Mama mmoja jirani, muuza mandazi, alinicheka.

"Unaenda paka kule Lilongwe kufata samaki, na usipa ya kukaanga iko hapa sokoni?"

"Hii haiko ya kula, mama."

"Basi njo itakukula weye."

Mtu tuliyemwendea Lilongwe, mtaa wa Area 49, alifuga samaki wa ziwa kwenye mabirika ya saruji nyuma ya nyumba yake. Tulipofika, yaya aliniacha pale. "Kuna mtu naenda kusalimia. Usichague bila mi." Alirudi baada ya muda wa saa tatu, mkono wa shati umekunjwa, pamba imebanwa kwa plasta kwenye kiwiko.

"Malaria," alisema. "Banamaliza kunipima."

Nikampa pole, nikafungua daftari.

Kampango, kambare mkubwa wa ziwani, nilimkata kwenye orodha mapema. Angelishinda tangi lolote, na mama yangu angemtafutia sufuria. Aliyenivuta zaidi ni yule mwenye mabaka, anayelala ubavu mchangani kama mfu mpaka wadogo waje kumdonoa, ndipo anawadaka. Nilimwekea nyota tatu. Yaya aliinama juu ya birika, akamtazama, akacheka.

"Huyu mongo, anajifanya mufu. Mi sitaki mongo mu nyumba yangu."

Nikamfuta. Tukamchukua wa tatu: mwembamba kama kisu, mdomo mrefu, ubavu wa fedha. Akikuelekea uso kwa uso humwoni, unaona uzi tu ndani ya maji. Huinamisha kichwa katikati ya majani, akatulia hivyo hivyo, kisha samaki mdogo hayupo tena. Mwenye mabirika alituuliza kwa Kichewa kama tuna nafasi ya samaki huyo miaka yote atakayoishi. Yaya alijibu kabla yangu. Alisema ipo.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, nilikwenda kubadilisha maji. Nilimkuta mwanamke nisiyemjua akipima madirisha kwa utepe.

"Ni weye wa maji?" aliniuliza. "Iyi kitu utaitosha lini? Mwenye nyumba anaondoka Alhamisi ku ng'ambo, na mi naingia." Kisha akajiziba mdomo. "Usiseme nimesema. Aliniapisha."

Hapa kambini mtu hatangazi safari ya ng'ambo. Faili la kuhamishiwa nchi nyingine huchukua miaka, na watu wanaamini mdomo mmoja wa wivu unatosha kulizuia. Ukiitwa, unauza vitu kimya kimya, na jirani hajui mpaka siku basi linapokuja kukuchukua. Sisi pia tuna faili. Mama alitufundisha kujibu "bado" kwa kila swali, na nakiri kwamba hata mimi ningemficha yaya. Lakini wanaoondoka hupimwa kwanza na madaktari Lilongwe. Nilisimama mbele ya tangi nikaiona ile pamba upya. Hakunisindikiza kuchagua samaki. Alikwenda kupimwa, na alihitaji mtu wa kuieleza kambi nzima, kwa moyo safi, kwamba ile ni safari ya samaki.

Yaya alipoingia alijua kwamba nimejua.

"Siku ile ulijua, yaya?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nichague samaki wa kuishi miaka?"

"Ningekataa, ungeniuliza sababu." Alikaa chini. "We hujui kudanganya, petit. Njo maana nilikuchagua."

Nililia, na nilichukia kwamba nalia mbele yake. Sola ilikuwa imeuzwa pamoja na nyumba. Samaki ningemtilia hewa kwa kikombe, nikichota na kumwaga, kila saa, mpaka nishindwe.

Nilimtanguliza nyumbani ndani ya ndoo, mbuna ndani ya nyingine, kisha nikarudi tubebe tangi, mimi upande huu na yaya upande ule. Muuza mandazi akatuona.

"Ee! Mbona munahamisha?"

Yaya alinitazama juu ya kioo. Zilibaki siku tatu. Neno langu moja lingefika kila nyumba kabla mandazi hayajapoa.

"Kwetu kuko mwangaza muzuri, mama," nilisema. "Huyu samaki anapenda mwangaza."

"Haya, mwenye samaki."

Tulipokata kona yaya alisema, "Aksanti, petit," kwa sauti ya chini. Nilimwambia ainue upande wake, kioo kilikuwa kinainama.