Miguu Iliyozoea Reli

Ukipita Makongeni siku hizi utakutana na uzio wa mabati na malori ya kubeba kifusi. Kama hukuwahi kuishi pale, huwezi kukisia kwamba nyuma ya mabati yale palikuwa na safu za nyumba za wafanyakazi wa reli, zenye bafu za pamoja na veranda za saruji zilizopakwa rangi nyekundu kila Desemba. Zedekiah Nabiswa alizaliwa katika mojawapo ya nyumba hizo, akaoa akiwa katika nyingine, akastaafu akiwa katika ya tatu. Alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini na mmoja. Nyumba zilipoanza kubomolewa, yeye na mkewe Triza walihamia Kware, ghorofa ya nne, ambako dirisha lao liko karibu sana na la jirani, kiasi cha kujua kwa jirani kumepikwa nini. Hakulalamika. Alisema tu kwamba Kware hakuna anga.

Anga aliyoimaanisha ilikuwa ya miaka ya sabini. Yeye na Owiti, mtoto wa nyumba ya nne kutoka kwao, walikuwa wakilala chali jioni kwenye nyasi za uwanja wa mpira, wakitazama vindege vidogo vya mafunzo vikitoka upande wa Eastleigh. Vilikuwa vikikohoa kama wazee, na vilipinda kokote vilikotaka. Kwa watoto walioamka na kulala kwa king'ora cha karakana, kitu kinachopinda kokote kinakotaka kilikuwa cha ajabu. Siku moja Owiti alisema, "Mimi nitakitengeneza, wewe utakirusha." Wakapeana mikono, kisha wakaitwa kwenda kuoga.

Owiti alitimiza nusu yake. Alifanya kazi ya ufundi wa ndege mpaka nywele zikawa nyeupe, na alipostaafu akapewa mabaki ya ndege ya mwaka wa 1946 yaliyokuwa yamelala ghalani, makao ya njiwa. Akayahamishia kwenye banda kando ya kiwanja kimoja cha ndege cha murram, udongo mwekundu ulioshindiliwa, mbele ya Kitengela. Jumamosi za miaka sita Zedekiah alikwenda naye huko. Alikwangua kutu, akanyoosha vyuma, akasaidia kuvika mabawa kitambaa, maana ndege za zamani zile hazikuvaa bati bali kitambaa kilichoshonwa kwa sindano ndefu na kupakwa dawa mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Ilipokamilika ilikuwa ya manjano, yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Owiti mwenyewe ugonjwa wa moyo haukumruhusu kuirusha.

"Nusu yangu nimemaliza, omera," alisema, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Yako bado."

Ndiyo sababu Zedekiah, akiwa na miaka sitini na miwili, alianza kufundishwa kuruka. Mwalimu wake aliitwa Jawahir, binti wa Eastleigh asiyefika miaka thelathini, aliyefundisha marubani wiki nzima na Jumamosi akaja kwa mapenzi tu ya ndege ile. Alimwita Zedekiah adeer, kama Wasomali wanavyomwita mtu wa rika la baba yao. Zedekiah alimwita mwalimu.

"Umeendesha kitu cha tani elfu," Triza alimwambia mumewe. "Sasa unataka kuendesha shuka?"

Mwezi wa Januari daktari wa marubani alimpima macho, akarudia kumpima, kisha akavua miwani yake mwenyewe kabla ya kusema. "Mzee, umepita chupuchupu. Presha hii ya macho haingoji mtu. Cheti chako cha afya kinaisha mwisho wa Machi, na sidhani nitakitia sahihi tena."

Basi likabaki jambo moja. Zedekiah hakuhitaji leseni, wala hakuwa na mahali pa kwenda. Alitaka mara moja tu, kabla ya Machi kuisha, apae peke yake, azunguke kiwanja, atue. Triza alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba katika miaka yake yote ya kazi alivuka nchi mara zisizohesabika na hakuwahi kuamua kona hata moja. Kona zote ziliamuliwa na watu waliokufa kabla hajazaliwa. Triza alimtazama, akarudi kwenye sufuria yake bila kumtania.

Kupaa alipaa vizuri. Kazi ilikuwa kutua. Ndege ya aina ile ina magurudumu mawili mbele na kijigurudumu chini ya mkia, na ikiwa ardhini pua yake hutazama juu, rubani asione mbele kabisa. Huchungulia kingo za njia, kushoto na kulia, akajiweka katikati yake. Tena uzito uko nyuma, kwa hiyo ikishagusa chini mkia hutaka kuja mbele. Dawa yake ni miguu. Pedali mbili, kushoto kidogo, kulia kidogo, bila kupumzika, mpaka isimame.

Zedekiah kila akitua, mguu wake wa kulia ulikanyaga ukakaa hapo hapo. Ndege ilivuta kulia, mkia ukazunguka, vumbi likawafunika wote wawili.

"Adeer, mguu! Inua mguu wa kulia!" Jawahir alipiga kelele kutoka kiti cha mbele.

"Nimeinua!"

"Hujainua! Nauhisi kwenye pedali zangu, umesimama juu yake kama mlinzi wa benki!"

Mara ya tatu walipozunguka hivyo, Jawahir alizima injini, akashuka, akaketi juu ya gurudumu. "Hebu niambie, adeer. Huo mguu unaogopa nini?"

Zedekiah alifikiri, kisha akaanza kucheka peke yake. Akaeleza kwamba kwenye injini ya treni kuna pedali chini ya mguu wa dereva, na haikanyagwi ili treni iende. Inakanyagwa ili treni ijue dereva yu hai. Ukiinua mguu, breki hujifunga zenyewe, treni nzima ikasimama porini. Wenyewe waliiita pedali ya marehemu.

"Niliinua mara moja tu," alisema. "Karibu na Emali. Siafu waliingia kwenye soksi. Niliandika barua ya kurasa mbili kueleza kwamba sikuwa nimekufa."

"Yesu wangu!" Owiti, aliyekuwa amewafuata kutoka bandani, alishika kichwa. "Miaka sita natengeneza ndege, kumbe namtengenezea mtu aliyefunzwa kutosogea!"

Jawahir hakucheka. "Basi huo mguu si mkaidi," alisema. "Ni mtiifu. Tuutafutie kazi nyingine. Nyumbani kuna kitu cha kukanyaga kwa miguu yote miwili?"

"Kuna cherehani ya mama watoto."

Triza alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga, ileile aliyoletewa Makongeni kwa mkokoteni mwaka walipooana. Tangu siku hiyo, kila alasiri alimpisha mumewe kitini, akampa vipande vya kitambaa chakavu vyenye mistari aliyoichora kwa chaki, hakuna hata mmoja ulionyooka. Kisigino, vidole, kisigino, vidole.

"Hapo ni kwapa la shati, baba, siyo reli ya Mtito Andei! Punguza! Sasa ongeza! Miguu ikilala, sindano inakatika."

"Nimepunguza."

"Umesimama. Kusimama siyo kupunguza."

Jirani alichungulia dirishani kwake. "Mama Frankline, siku hizi mzee ni fundi?"

"Anasomea urubani," Triza alijibu bila kuinua kichwa, na jirani akacheka hata akaita watu wa nyumbani mwake waje wasikie.

Machi ilikuja na mvua. Jumamosi mbili mfululizo kiwanja kilikuwa tope na hawakuitoa ndege bandani. Zedekiah alikaa kwenye kreti ya soda, akitazama matone yakidondoka kwenye ukingo wa bati. Katika hali kama hiyo mtu wa reli huvuta blanketi, akangoja ishara ibadilike. Lakini yeye alihesabu siku kwa vidole kama mtoto.

Jumamosi ya mwisho kulikucha kukavu. Alizunguka na Jawahir mara tatu. Mara ya kwanza ndege ilidunda kama mpira wa makaratasi. Mara ya pili ilitulia. Mara ya tatu mkia ulipotaka kuhama, miguu yake iliujibu kabla hajawaza, kushoto, kulia, kushoto, mpaka wakasimama katikati ya njia, wakazima injini.

Jawahir alifungua mkanda wake, akashuka, akaufunga tena ule mkanda vizuri juu ya kiti kitupu ili usishike kitu.

"Nenda, adeer. Kabla upepo haujaamka."

"Leo?"

"Kwani una siku nyingine?"

Owiti aliishika propela kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu, injini ikaitika. Alirudi nyuma hatua kumi, akasimama amekunja mikono.

Bila uzito wa Jawahir ndege iliruka mapema kuliko alivyotarajia, kana kwamba nayo ilikuwa na haraka. Kwa mara ya kwanza aliona mbele, pale ambapo miezi yote alikuwa ameona mgongo wa mwalimu wake. Upande wa mbali aliiona reli ya zamani, nyembamba kama uzi uliodondoka sakafuni. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameiona ikimjia usoni, vyuma viwili vikikutana mbali bila kukutana. Hakuwahi kuiona ikiwa imelala tu. Aliwakumbuka wasaidizi wake wote waliokuwa wakimpikia chai kwenye jiko la injini, majina yao, wawili waliokwisha kufa. Kisha akakumbuka kwamba hapa ni lazima mtu ageuze. Akasukuma fimbo ya usukani kidogo kushoto, akaongeza mguu, na ndege ya manjano ikapinda kwa sababu yeye aliamua ipinde.

Akaielekeza kiwanjani. Akapunguza nguvu ya injini, akashuka, njia ikaja, pua ikapanda mbele ya macho yake, akatafuta kingo. Ya kulia ilikuwepo. Upande wa kushoto palikuwa na ukungu mweupe, ule ambao asubuhi alikuwa ameupangusa machoni akidhani ni usingizi. Hakuuona ukingo. Akakisia ulipo. Magurudumu yakagusa, mkia ukakaa, miguu ikafanya kazi yake mpaka vumbi likapita mbele na ndege ikasimama.

Jawahir alikuja mbio, shungi likipepea. "Adeer! Umetua vizuri kuliko mimi! Usizime. Desturi ni mara tatu, bado mbili."

Zedekiah alinyoosha mkono, akazima. Propela ilizunguka kidogo, ikakoma.

"Ukingo wa kushoto sikuuona, mwalimu," alisema. "Nilikisia. Nimebahatika kukisia sawa."

Jawahir aliangalia njia ya murram, akaangalia uso wa mzee. Akatikisa kichwa kukubali. Owiti alikuwa amefika naye, akihema, na alisikia. Aliweka kiganja juu ya bawa walilolishona pamoja na kukiacha hapo.

"Nusu yako imekwisha," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Imekwisha."

Kisha Jawahir akaenda bandani, na aliporudi alikuwa amebeba ndoo iliyojaa maji kwa mikono miwili, kwa maana arushaye ndege peke yake mara ya kwanza ni lazima amwagiwe maji, awe kijana au babu.

"Simama, adeer. Hii haina msamaha."

"Ngoja!" Zedekiah alishuka haraka, mikono juu. "Ngoja, mwalimu, mimi niko tayari, lakini nitafutieni mtungi wa kuyakinga kwanza. Kule Kware mfereji haujatoa tone tangu Jumatano!"

Ndoo yote ikamwagika juu yake.