Tulivyoligawa Faili la Memori

Ofisi yetu ilitunza rekodi za visima vya nyanda za kati. Kila kisima kilichochimbwa, kilichotoa maji na kilichotoa vumbi tu, kilikuwa na kadi yake kabatini. Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na wafadhili wakaanza kutuletea vitu vyao vilivyotumika, tukapewa kompyuta nne ili kadi zile ziingizwe humo. Zilikuwa kompyuta zilizochoka. Memori yake, yaani mahali ambapo kompyuta hushikilia kile inachokifanya kwa wakati huo, ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukitafuta visima vya wilaya nzima programu ilikufa katikati, nawe ukaanza upya.

Tulikuwa wawili katika chumba cha kompyuta. Mimi nilikuwa kijana wa Haneti, nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, nimepanga chumba mtaa wa Kikuyu hapo Dodoma, na ninajiona nimefika. Mwenzangu alikuwa mtu wa Chemba, amevuka hamsini, aliyesomeshwa nje na serikali enzi kompyuta moja ilipojaza ukumbi mzima. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Nilimwita Mzee. Yeye aliniita bwana mdogo.

Fedha ya kununua memori haikuwapo, kwa hiyo Mzee akaamua kwamba tutaubadilisha mfumo wenyewe. Tulikuwa tunatumia mfumo wa bure, ule ambao msimbo wake wote uko wazi na yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Alitaka tuingie kwenye kiini chake, pale panapoamuliwa nani apewe memori na nani anyang'anywe, ili programu ya visima isiuawe ovyo. Nilidhani anatania. Wiki iliyofuata nilimkuta amekwisha chapisha kurasa mia mbili za msimbo huo.

Kazi ya kurekebisha haikuwa ngumu kama nilivyoogopa. Kilichotushinda ni kusubiri. Mafaili yote yaliyohusika na memori, na mengine mengi yasiyohusika nayo, yalianza kwa kulisoma faili moja kubwa la heda. Faili la heda halifanyi kazi yoyote lenyewe. Ni mahali yanapotajwa majina na maumbo ya vitu ambavyo mafaili mengine yatavitumia. Hilo lilikuwa limekusanya kila kitu, miaka na miaka, kila mtu akipachika lake. Ukigusa mstari mmoja ndani yake, kompyuta ililazimika kuujenga upya mfumo karibu wote. Tulianzisha ujenzi saa mbili asubuhi, ukamalizika saa tisa alasiri, kama umeme haukukatika. Na miaka ile ya mgao, umeme ulikatika.

Mzee ndiye aliyesema tuligawe. Tulitandaza karatasi sakafuni, tukaweka mawe kwenye pembe zake kwa sababu ya upepo, tukapiga magoti na kalamu za rangi. Kila jina lililotajwa mle tulilifuata: nani analitumia, nani analibeba bure. Maumbo ya kurasa za memori yakaenda faili moja, mambo ya kuhamishia memori kwenye diski yakaenda jingine, na yale yaliyotumiwa na mafaili ya memori peke yake tukayafungia ndani ili wengine wasiyaone kabisa. Tulifanya hivyo kiangazi chote. Magoti ya Mzee yalimuuma lakini hakukubali karatasi zipandishwe mezani, alisema mezani haoni zote kwa pamoja.

Kuna mahali tulikwama siku tisa. Heda mbili zilikuwa zinategemeana: hii haiwezi kusomeka bila ile, na ile bila hii. Nilishauri tuziunganishe tena. Mzee akakataa. Siku ya kumi akaniita, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Huyu hana haja ya kumjua yule mzima mzima," akasema. "Mtajie jina tu. Umbo lake atalikuta mbele ya safari, kwa anayelihitaji."

Tukaandika mstari mmoja wa kutaja jina, na fundo likafunguka. Tulipomaliza kazi yote, badiliko ambalo zamani lilikula siku nzima lilichukua dakika ishirini. Mzee aliangalia saa yake, akaangalia skrini, akanipeleka kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi tukala ugali wa uwele na mlenda. Sikumbuki kama tulizungumza. Nakumbuka kwamba nilifurahi kuliko siku niliyovaa joho la chuo.

Mwezi uliofuata Mzee alichukua likizo kwenda Chemba kumwoza binti yake mkubwa. Akiwa huko, mkuu wa idara aliniita ofisini kwake. Alisema amesikia tumefanya kazi nzuri, akataka nimwandikie ripoti fupi: tulichofanya, na je, kwa sasa chumba kile kinahitaji watumishi wangapi. Nilirudi nikaandika kurasa mbili kwa Kiswahili cha kiofisi. Niliisifu kazi, kwamba programu ya visima haifi tena katikati. Nikaandika kwamba baada ya upangaji mpya, mtumishi mmoja anatosha kuusimamia mfumo.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa mtoto na sikujua. Lakini suala la kupunguza wafanyakazi lilikuwa kwenye redio kila jioni, na kila ofisi Dodoma ilikuwa ikinong'ona juu ya orodha. Niliposaini karatasi ile nilijua kwamba kati yetu wawili mwenye shahada ni mimi na mwenye umri ni yeye. Nilijua, nikaamua kwamba sijui.

Mzee alirudi na mfuko wa karanga za harusi, tukala pamoja. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba ripoti nyingi huandikwa na hazisomwi. Ilipita miezi mitatu, kila asubuhi shikamoo, kila asubuhi marahaba.

Orodha ilibandikwa Ijumaa, kwenye ubao wa matangazo karibu na masjala. Nilimwona Mzee akiwa nyuma ya watu, akisubiri wenye haraka waondoke. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akarudi chumbani, akaketi, akamalizia sentensi ya maelezo aliyokuwa akiiandika juu ya faili mojawapo. Alinionyesha alipoishia. Akachukua sweta lake na kikombe chake, akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa kawaida kabisa, wa joto.

Nilibaki peke yangu mle ndani, na kweli nilitosha. Haikufika miaka miwili, ukaja mradi mpya wenye kompyuta mpya na mfumo wa kununua, ambao hakuna ruhusa ya kuufungua wala kuugusa. Zile nne zikarundikwa stoo. Mradi ulikuja na wataalamu wake, nami nikahamishiwa kwenye meza ya kusaini fomu.

Ndipo nilipopanda basi kwenda Chemba. Lilipita Haneti, nikaiona njia ya kwetu, nikageuza uso upande wa pili, kwa sababu mama angeniuliza naenda kufanya nini.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba uani. Kisukari kilikuwa kimemla macho. Alinitambua kwa sauti. Mkewe alinikaribisha vizuri sana, akaniletea maji ya kunawa na chai. Kabla sijatulia Mzee akaniuliza habari za mafaili. Nikashindwa kusema kuhusu stoo. Akaniomba nimtajie yale ya heda, moja moja, na kila moja linahitaji lipi. Nikamtajia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipofika la saba akanisimamisha.

"Hilo halilihitaji la kwanza," akasema. "Tulilisahau hapo. Liondoe."

Nilisema nitaliondoa. Baada ya hapo sikuweza kuendelea. Nilimweleza ripoti yote, tangu kuitwa ofisini hadi kusaini. Nilisema haraka, nikiangalia chini. Mbuzi walikuwa wanaingizwa zizini, mkewe anawahesabu.

Kisha akauliza, "Ulichoandika kilikuwa kweli?"

"Kilikuwa kweli, Mzee."

"Basi ulitaka uandike uongo?"

Nilianza kupata nafuu, naona aibu kusema hivyo, lakini nilianza kupata nafuu. Naye akaendelea, sauti ile ile.

"Ila ungeniambia. Miezi mitatu, bwana mdogo. Yule binti wa pili nilikuwa nimemwahidi shule ya bweni, kanda nzima inajua, sare imeshashonwa. Ningepata nafasi ya kumkalisha chini mwenyewe. Alizisikia habari kwa watu, kisimani."

Nilisema nisamehe. Akasema amesamehe, akasema na Mungu husamehe, kisha akamwita mkewe aniandalie mahali pa kulala. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia. Hakuuliza tena juu ya mafaili. Basi lilipokuja alinyoosha mkono hewani kuutafuta wangu, tukaagana, na nilipokuwa mlangoni mwa basi nilitambua kwamba hakuniita bwana mdogo tangu jioni ile. Aliniita jina langu la kazini, kama alivyowaita watu wa masjala.

Nilimwandikia barua tatu, ya mwisho ndefu. Sikupata jibu. Huenda hakuwa na wa kumsomea, au alisomewa akanyamaza.

Miaka ikapita, na habari za kifo chake zikafika ofisini kwa simu, siku moja baada ya kufariki. Nilipofika Chemba mchana walikuwa wamekwisha zika. Nilikuta mikeka inakung'utwa na masufuria yanaoshwa, wanawake wamekaa ndani na mjane. Niliingia kutoa pole. Mjane alinishika mikono miwili, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali. Pembeni yake alikuwa yule binti wa pili, mtu mzima sasa, ana mtoto mgongoni. Alinipa pole ya safari kwa adabu, hakunijua.

Nilitoka nikakaa na wanaume. Mkwe wa Mzee, aliyekuwa akigawa kahawa, alinikabidhi kikombe akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja. Akauliza kazi gani. Nikasema ya visima.