Dubu au Tunda

Mtihani wa Kiingereza, ile sehemu ya kusikiliza, ndio uliniangusha mara ya kwanza. Kusoma nilipita, kuandika nilipita, hata kuongea nilipita na huu mdomo wangu wa kijijini kwetu Ziwa. Lakini kusikiliza, woi! Sauti inasema mara moja tu, hairudii, na wewe umebaki na penseli hewani.

Mume wangu alikuwa amepita zamani. Alipata kazi ya unesi Uingereza, akaenda na msichana wetu ili aanze shule, mimi nifuate. Mimi pia ni nesi, na hospitali ya huko ilikuwa imenishikia nafasi ikingoja matokeo ya mtihani wa pili. Nikianguka tena, basi, wanampa mwingine. Niliogopa kweli.

Shida yangu ni herufi mbili. Kwa lugha yetu ya nyumbani, B na P ni mapacha, na hakuna mtu huuliza nani ni nani. Sasa mzungu anakutajia jina la barabara herufi kwa herufi, na ukikosa moja umekosa jibu lote.

Mwenzangu wa wodi, Mluo, alinifanyisha mazoezi saa ya chai. Yeye mwenyewe fish kwake ni fis, kwa hivyo tulichekana bila kuoneana huruma. "Weka mkono mbele ya mdomo wangu," akasema. "P inapuliza. B haipulizi." Kweli, pumzi nikaisikia kwa kiganja. Aki nilifurahi! Nikarudi nyumbani, nikavaa headphone, nikainua mkono. Upuzi mtupu. Headphone haina pumzi.

Jumapili moja msichana wangu alipiga simu akilia. Kiingereza chake kilikuwa kimeshakuwa cha huko. Alisema kitu chake kimepotea, nami nikasikia pear.

"Usilie, mami," nikamwambia. "Hilo ni tunda tu, baba atakununulia lingine."

Akalia zaidi. Baba yake akachukua simu. "Si pear, mama. Ni bear. Yule dubu wa kitambaa."

Dubu huyo nilimshonea mtoto mimi mwenyewe, kwa leso yangu, ndio alale naye nikiwa mbali. Nilienda bafuni nikafunga mlango. Tangu hapo niliogopa vibaya zaidi, kwa sababu mtihani unaweza kulipia urudie. Mtoto akishazoea kwamba mamake haelewi, utarudia wapi?

Siku ya mtihani nilifika mapema, nikavaa headphone. Sauti ikafika kwa jina la barabara, ikataja herufi ya kwanza. Nikajiuliza, dubu au tunda? Dubu. Nikaandika B, na nilikuwa naogopa hata kuiangalia.

Nilipita. Mwenzangu wa wodi alipiga kelele mpaka wagonjwa wakaamka.

Kwa uwanja wa ndege huko Uingereza, msichana wangu alinikimbilia na yule dubu, kumbe dubu alikuwa chini ya kitanda. Akaniambia kitu mbio mbio, anacheka. Sikushika hata neno.

"Sema tena, mami."

Akaacha kucheka. Akanishika mkono, akarudia polepole, kwa sauti kubwa, neno moja moja, vile mimi huongea na wagonjwa wazee.