Maziwa Kifuani

Nikifungua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yaliyotiwa mkaa, harufu ya mkaa huo hunirudisha kwa kogo, nyanya aliyenilea. Kila asubuhi, kabla sijashuka kwenda darasa la ubatizo, kule walikokuwa wakifyeka msitu wapande chai, alilielekea jua, akapiga funda la maziwa, akanitemea kidogo kifuani. Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yetu.

Siku moja nikajipangusa kwa jani, yeye akiniona.

“Mwalimu amesema wasioamini watachomwa moto siku ya hukumu,” nikamwambia. “Mimi sitaki kuchomwa.”

Hakukasirika. Alishusha kibuyu polepole.

“Na mimi nitachomwa?”

“Ndiyo, kogo, usipobatizwa.”

“Na babako? Na mamako?”

“Ndiyo.”

“Sasa huko mbinguni utakaa na nani?”

Katika boma letu lote, aliyekuwa akisomea ubatizo ni mimi peke yangu.

Hakunitemea tena.

Asubuhi hii nimejimiminia kikombe. Nimefungua kifungo cha juu cha gauni, nikasimama mlangoni, mpaka jua likatoka lote.