Bega Nililolinyamazia

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni ili usije ukanihurumia bure huko katikati. Bega la yule mama nililiharibu mimi, na siku lilipoharibika sikuwa hata nimemgusa. Nilikuwa upande wa pili wa sale ya mazoezi, nimeshika kitambaa, nafuta benchi ambalo halikuwa na jasho.

Mimi ni kocha. Kazi yangu ni kumfundisha mtu mmoja mmoja kunyanyua vyuma, kukimbia, kupunguza mwili. Nimevuka miaka arobaini na kazi hii nimeifanya Likasi, Kolwezi, Kalemie, hata Ndola ng'ambo ya mpaka. Baba alikuwa mtu wa reli, labda ndiye aliyenipa miguu hii isiyotulia. Kila mji niliofika niliulilia ule nilioutoka, na nilipourudia nikakuta si ule tena. Mwisho nikarudi Lubumbashi, nikapanga chumba Makomeno, nikapata kazi katika sale moja kule mtaa wa Golf.

Sisi wa zamani tulianza na bomba la maji na makopo mawili ya maziwa yaliyojazwa simenti. Ndizo zilikuwa alteri zetu, vyuma vyetu vya kunyanyua. Hakuna aliyetupa diploma. Tulijifunza mwili kwa kuutazama, na kiburi changu chote kilikaa hapo.

Huyo mama nitamwita Mama Charlotte, jina lake silo. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye amezaliwa hapa, na alikuwa na saluni ya kusuka nywele mjini. Alikuja kwangu akiwa hawezi kupanda ngazi bila kusimama katikati. Daktari alikuwa amemtisha juu ya presha.

"Coach," aliniambia siku ya kwanza, "miye sikukuya hapa juu ya kuwa mannequin wa maonyesho. Nataka tu nisikufe kabla batoto bamalize masomo."

Nilimpenda hapo hapo. Si kwa mapenzi unayoyafikiria. Yangekuwa hayo, ungamo hili lingekuwa jepesi. Nilimpenda kama fundi anavyoipenda mbao aliyoichagua mwenyewe.

Bega lake la kulia lilikuwa na historia. Miaka ya nyuma alianguka kwenye wewa, hizi pikipiki zetu za abiria, bega likatoka mahali pake, na aliyelirudisha ni mzee wa mtaani, si hospitali. Tangu hapo lilikuwa kama mlango ulio na komeo lililolegea. Mwanzoni kabisa nilimpa chuma cha kuvuta nyuma ya shingo, nikasikia bega linateleza chini ya kiganja changu. Nilimdaka kabla halijatoka. Kuanzia siku hiyo nilijua: mbele ya uso, anyanyue anavyotaka. Nyuma ya sikio, hata kijiti, kamwe.

Jambo hilo tulilijua sisi wawili tu.

Kwa makocha wa huku kuna desturi. Mteja akihama kutoka kwa kocha mmoja kwenda kwa mwingine, yule wa kwanza lazima "apane mwili", yaani aukabidhi. Anasimama na mwenzake, anamwambia: goti hili usililazimishe, mgongo huu una kisa, hapa pazima. Haiandikwi popote. Ni mdomo tu, na mdomo huo unaaminiwa. Mwenzako anaweza kukuchukulia wateja wote ukamnunia mwaka mzima, lakini mwili utampa.

Basi akaja Héritier.

Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye diploma ya Kinshasa na spika ndogo ya muziki kiunoni. Kila asubuhi alinisalimu kama mzee wake: "Bonjour vieux, ulilala muzuri?" Sikupata hata sababu ya kumchukia kwa tabia. Ingekuwa heri angekuwa mjinga. Hakuwa.

Siku moja alimwona Mama Charlotte akichuchumaa na chuma, akaja kwa heshima, akaniomba ruhusa, akasukuma kibao chembamba chini ya visigino vyake. Goti nililolibembeleza kwa miezi likaacha kuuma siku hiyo hiyo.

"Ee, mutoto huyu," Mama Charlotte alisema, "alikuwa wapi siku zote?"

Alikuwa wapi siku zote. Ningefurahi, goti lilikuwa limepona. Sikufurahi.

Baada ya hapo nilianza kuona kila kitu. Chupa ya maji ya Mama Charlotte, aliyozoea kuiweka miguuni pangu, sasa ilikaa karibu na spika ya Héritier. Kicheko chake kilikuwa kikubwa zaidi upande ule. Alipoleta keki ya siku yake ya kuzaliwa, kipande cha kwanza alipewa kijana. Changu kilikuja cha tatu, baada ya dada wa mapokezi. Nilikila. Nilisema ni kitamu. Ndugu yangu, mtu mzima anaweza kuumwa na kipande cha keki.

Kisha akanifuata mwenyewe.

"Coach, usinikasirikie. Weye njo ulinitosha mu lufu, ningekuwa nilisha kufa, sitasahau. Lakini nataka nijaribu kidogo na ule mutoto."

"Enda tu, mama. Miye sina jalousie, sina wivu."

"Utamupa mwili yangu? Na mambo ya bega?"

"Nitamwambia yote."

Siku ya kupana mwili tulipaswa kuwa watatu. Mama Charlotte akachelewa saluni, alikuwa anamsuka bibi harusi. Tukabaki mimi na Héritier kando ya vioo.

"Vieux, unipatie mwili ya mama. Fasi gani anaumiaka?"

"Goti tu. Na goti uliiponyesha weye mwenyewe, si vile?"

Akacheka kwa aibu. "Na mabega?"

Alikuwa ananitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu. Nikayaona meno yake, nikaiona ile chupa ya maji, nikakisikia kicheko cha yule mama.

"Mabega iko muzuri," nikasema. "Eko na nguvu kukushinda."

"Merci, vieux. Bengine banafichaka."

Wengine huficha. Ndivyo alivyoniambia, na bado sikufungua mdomo.

Niseme nilichokuwa nakitaka, maana ndicho kinachonitia aibu kuliko yote. Sikutaka avunjike. Nilitaka maumivu madogo. Bega listuke kidogo, aogope, arudi akisema: mikono ya coach ilikuwa inanijua. Ndicho hicho tu. Nilitaka kukumbukwa.

Mama Charlotte alipofika aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwambia?"

"Nilimwambia yote, mama."

Kwa hiyo yeye alinyamaza akijua kijana anajua, na kijana aliendelea akijua hakuna cha kujua. Katikati yao nilisimama mimi, mwenye ufunguo mfukoni.

Nilikuwa na nafasi. Kila walipofanya mazoezi nilikuwa pale, ningeweza kumvuta Héritier pembeni, nikasema, "Mudogo, nilisahau kitu kimoja." Angeniamini. Angenishukuru hata. Lakini kila nilipokaribia kusema, Mama Charlotte alikuwa anacheka, nami nikaahirisha. Wivu hauna haraka. Unakaa tu na wewe, unakunywesha kidogo kidogo.

Ikafika Jumamosi moja asubuhi, sale imejaa, muziki juu. Nikaona Héritier anampakia Mama Charlotte chuma mabegani, nyuma ya shingo, ili akisukume juu. Hakikuwa kizito. Kwa mtu mwingine kingekuwa mchezo.

Mama Charlotte alisita. Hakumuuliza kijana kitu. Aligeuza kichwa, akanitafuta mimi kwa macho kati ya watu wote wale. Alikuwa anauliza: hii ni sawa?

Niliinama nikafuta benchi.

Sikuona. Nilisikia. Ni sauti ndogo, kama mtu anavunja muhogo mkavu ndani ya nguo. Kisha chuma kikagonga sakafu, kisha muziki peke yake. Nilipoinua macho Héritier alikuwa amekwisha kukisukuma kile chuma kando kisimpige mama kichwani, kidole chake kinatoka damu, amepiga magoti. "Mama unisamehe. Mama, unisamehe." Mama Charlotte hakulia. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kama kitu cha mtu mwingine alichopewa amshikie.

Hospitali walimpasua. Nyama za ndani zilikuwa zimechanika. Mkono ulipona kwa kula, kwa kufua vitu vidogo, kwa kupeana salamu. Hauinuki tena kupita kifua. Na wewe unajua msusi anavyofanya kazi: anasimama nyuma ya kichwa cha mtu, viwiko juu, kutoka asubuhi hadi jua linazama. Saluni ikafungwa. Leo pale wanauza vifuniko vya simu.

Patron, mwenye sale, aliniita ofisini.

"Vieux, ulimupa mwili ya mama?"

"Nilimupa, patron. Batoto ba leo habasikie."

Héritier alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia. Nilingoja aseme, huyu ananisingizia. Hakusema. Nafikiri alijiuliza kama kweli nilimwambia naye akasahau. Alifukuzwa siku ile ile, akachukua spika yake akaenda.

Nikapata kila nilichokitaka. Wateja wake wakaja kwangu. Walisema, heri mtu wa uzoefu. Nikapewa hata ile kona yake ya dirishani. Lakini nikimwekea mtu kiganja begani, kiganja kinakuwa baridi, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama ninaumwa.

Nikafanya ninachofanyaga siku zote. Nikafunga mfuko wa nguo. Nilitaka kurudi Kolwezi, nikawa nauona mji ule mzuri kuliko ulivyokuwa. Hapo nikajiuliza, je, Ndola niliondoka kwa sababu gani hasa? Na Kalemie? Sitakueleza jibu. Niliufungua mfuko, nikaenda kwa Mama Charlotte.

Nilimkuta barazani amekaa kwenye kiti, mkono pajani, anamwongoza binti yake anayemsuka jirani. Alikuwa anasuka kwa mdomo. "Vuta kidogo. Hapana pale, chini. Bile, ni muzuri." Akamwambia binti apumzike, jirani akaingia ndani kunywa maji, tukabaki wawili. Nikamwambia yote, kama nilivyokuambia wewe.

Aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka upya pajani.

"Ile siku nilikutafuta na macho," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

Akatikisa kichwa polepole. "Kila siku naombaka juu ya ule mutoto. Naambia Mungu amusamehe. Kumbe naombea muntu hana na kosa." Kisha akasema, "Enda umwambie. Miye usirudie kuniona kama haujamwambia yeye."

Nikamtafuta Héritier. Nilimpata mjini, karibu na mabenki, anauza viatu vya mitumba amevipanga kwenye turubai. Aliniona, akasimama, akasema ile ile, "Bonjour vieux." Hata pale.

Nilimwambia tukiwa tumesimama. Watu wanapita, wanainua viatu, wanauliza bei, wanaendelea. Alikuwa ananisikiliza huku ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Nilitegemea anipige. Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa, na nafikiri nilitamani.

"Vieux," alisema mwishoni, "miye nilifikiri ni mikono yangu."

Akakigeuza kile kiatu, akaifuta soli yake kwa kidole.

"Mama yangu mwenyewe aliniomba nimukande mugongo. Nilikatala. Niliogopa kumugusa. Mama yangu."

Nikamwambia nitakwenda kwa patron, nitasema ukweli, nitaomba arudishwe, kona yangu aichukue yeye.

"Patron utamwambia, ni vizuri," alisema. "Lakini hii mikono, nani ataiambia?"

Akainama, akakiweka kiatu mahali pake, akamwita mteja.

Patron nilimwambia. Alinifukuza, na alifanya haki. Alimpigia Héritier simu mbele yangu, kijana akashukuru kwa adabu, akasema ataona. Hajarudi. Kwa Mama Charlotte nilirudi, akanipokea, akanipa kiti, lakini coach haniiti tena. Ananiita papa, kama anavyomwita mtu yeyote anayepita njiani. Bado niko Makomeno. Miguu inawasha, lakini safari hii sitaondoka mpaka yule kijana aweze kumgusa mtu tena.

Jina langu sikuliweka hapa, ni woga, najua. Walionijua sale watanijua kwa kusoma. Ila wewe unayefanya kazi ya kushika miili ya watu, au kazi yoyote ambayo mwenzako anapokea pale ulipoachia, nakuomba kitu kimoja. Mwenzako akikuuliza wapi panauma, mwambie. Mwambie hata kama amekupita, hata kama wanacheka naye na kumpa keki kabla yako, hata kama huwezi kuvumilia uso wake. Huyo hasa ndiye wa kuambiwa.