Taka za Mianzini

Tip. Kimya. Tip. Ukungu ulikuwa mzito hata gurudumu langu la mbele sikuliona, ila mdondoko ule niliusikia, nikajiona nimebarikiwa. Mwandishi chipukizi ndivyo alivyo: haoni njia, lakini anahisi.

Kwetu Mbeya baiskeli hubeba gunia la viazi. Nilipohamia Kihesa, Iringa, nikajiunga na klabu ambako baiskeli hubeba watu wenye uchungu na mazingira. Zilikuwa na springi mbele na nyuma, nasi tulikuwa na fulana zilizoandikwa mgongoni kwamba milima ni uhai. Jumamosi hiyo ya msimu wa mvua tulipanda vilima vya nyuma ya Tosamaganga, tukiokota taka njiani, ili milima ijue inapendwa.

Ukungu ulipopungua tukaona mianzi. Na kwenye mianzi, chupa za plastiki zimefungwa kwa kamba, kila moja chini ya chipukizi lililokatwa ncha.

"Binadamu!" alisema mwenyekiti wetu, mtu wa Dar es Salaam aliyehamia huku ili apumue. "Wanakata mianzi michanga, halafu wanaitundikia taka. Na maji yametuama humo. Si mazalia ya mbu haya?"

Tukamwaga. Kamba tulizifungua taratibu, tusije tukauumiza mmea. Maji yalinukia utamu, nami nikatunga kichwani sentensi nzuri sana kuhusu umande. Kisha tukapiga picha, gunia la chupa katikati kama bibi harusi.

Mwenzetu pekee aliyezaliwa Iringa alikuwa bondeni anaziba pancha. Alipotufikia akatazama gunia, akatazama mianzi, akakaa kwenye matope.

"Nani kamwaga ulanzi wa watu?"

"Ulanzi si pombe?" nikasema. "Haya ni maji tu."

"Ndiyo haya haya, yakichacha. Dada, ulidhani hiyo pombe inachimbwa?"

Mwenye mianzi alikuwa mama mmoja mjane, nyumba yake chini kidogo ya njia. Tulimkuta anaosha vikombe, vikombe vingi. "Kamwene, kamwene, karibuni wanangu." Akatumiminia chai kabla hatujasema neno. Mwenyekiti akaeleza kwa ufasaha, akianzia na afya ya dunia.

"Mmemwaga yote?" mama akauliza.

"Yote, mama. Kwa nia njema."

"Basi watakunywa nia."

Mwenzetu akatunong'oneza. Leo majirani wanakuja kumsaidia mama palizi. Magugu yamemzidi, na mahindi yasipopaliliwa sasa hatavuna kitu. Huku jirani halipwi kwa kukulimia. Analima, mkimaliza mnakaa, mnakunywa ulanzi, mnaimba. Kumlimisha mtu halafu umrudishe nyumbani na koo kavu ni matusi.

Wakaja, majembe begani.

"Mama, kiko wapi kinywaji?"

"Kimeokotwa."

"Kimefanywaje?"

Akatuonyesha kwa kidevu. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. "Nyie wa mazingira! Mmetukausha!" Wakamwambia mama bila kinyongo kwamba watarudi mianzi ikitoa tena. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na palizi nyingine, nayo ilikuwa na vikombe vilivyojaa. Wakaenda huko.

"Tutalima sisi!" akasema mwenyekiti.

Tukaingia shambani na glavu zetu za baiskeli. Hatukufika hata katikati ya mstari. Mama alitufuata nyuma akiokota tulichokata, akakikusanya mkononi kama maua.

"Wanangu," akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "haya ndiyo mahindi. Rudini ndani. Chai inapoa."

Tukarudi ndani. Mwenzetu wa Iringa alikuwa ameshabeba gunia kwenda kuzifunga upya chupa mianzini. Sisi wengine tukakaa na kikombe. Mwenyekiti akafuta matope kwenye miwani, akasema tumejifunza mengi leo, na kwamba tukija tena tulete mabango ya kuelimisha jamii. Mama akamwongezea sukari.

Kisha akakaza kitenge kiunoni, akachukua jembe pembeni ya jiko, akatuambia tunywe tu, tusiwe na haraka. Akatoka peke yake, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, baridi isije ikatusumbua wageni.